Lifti ya gari kwa gereji ya nyumbani Tanga: anza na sakafu, mashine ije mwisho

Anayetaka kuweka lifti ya gari nyumbani kwake mara nyingi huanza kwa kuuliza bei. Akishaijua anatafuta hela, akizipata anaagiza, na mzigo ukishashushwa getini ndipo anagundua kwamba paa halitoshi au sakafu haibebi. Mpangilio huo ugeuzwe. Nyumba yako ndiyo itakayoamua ni lifti gani inakufaa, na ukiiuliza nyumba kabla ya kumuuliza muuzaji utaokoa pesa nyingi, pengine na maisha ya mtu.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu wa Tanga: mwenye gari moja au mawili anayependa kufanya sevisi mwenyewe, au kijana fundi anayeanza kazi uani kwao. Mazingira yetu ni ya hewa ya chumvi, viwanja vya Ngamiani vilivyobanana, umeme unaopungua nguvu jioni, na magari ni yale yale: IST, Noah, Hiace, Hilux, Prado. Hayo yote yanaingia kwenye hesabu.

Hatua ya 1: Jua kazi unayotaka kuifanya

Kubadilisha pedi za breki, shokapu, matairi na boljointi hakuhitaji gari lipande juu ya kichwa chako. Likinyanyuka hadi usawa wa kiuno, unakaa kwenye kigoda na kazi inaisha. Kushusha gia boksi, kubadilisha klachi, kuchomelea eksozi au kupaka dawa ya kutu chini ya bodi ndizo kazi zinazotaka usimame wima chini ya gari.

Chukua karatasi uandike kazi ulizofanya au ulizompelekea fundi mwaka huu. Kama orodha nzima ni oili, breki na matairi, huhitaji lifti ya nguzo mbili ndefu hata kama unaitamani. Jeki nzuri ya magurudumu, stendi nne imara na sakafu tambarare vitakufikisha mbali, na hela itakayobaki inunue vifaa vingine. Kama orodha ina gia boksi na eksozi, endelea kusoma.

Hatua ya 2: Pima paa kabla ya kitu kingine

Pima kutoka sakafuni hadi kitu cha chini kabisa kilichopo juu. Kinaweza kuwa boriti ya kenchi, feni, taa, au reli ya mlango unaopanda juu. Hicho ndicho kimo chako halisi. Kimo cha bati hakikusaidii.

Sasa hesabu ya gari. Chukua kimo cha gari, toa umbali kutoka ardhini hadi pale mikono ya lifti (vyuma vinavyolibeba gari kwa chini) inaposhika, kisha jumlisha kimo unachotaka mikono ifike na sentimita 15 za nafasi. Tuseme ni Noah ya mita 1.85 inayoshikwa sentimita 20 kutoka ardhini. Juu ya mikono kuna mita 1.65 za gari. Ukitaka mikono ifike mita 1.8, paa la gari litafika mita 3.45, na ukiweka nafasi unahitaji mita 3.6. IST yenye kimo cha mita 1.53 itahitaji karibu mita 3.3. Hiace ya paa la kawaida, karibu mita 1.98, inataka zaidi ya mita 3.7.

Nyumba zetu nyingi dari lake liko karibu na mita 3, kwa hiyo watu wengi wanakwama hapa. Ukikwama una njia tatu: kukubali kufanya kazi umeinama kidogo, kuondoa dari na kutumia nafasi iliyopo kati ya kenchi, au kujenga banda jipya lenye kimo cha kutosha. Njia ambayo si njia kabisa ni kukata boriti ya chini ya kenchi ili gari lipite. Boriti hiyo ndiyo inayozuia miguu ya paa isitanuke. Ukiikata, upepo wa kusi utakapovuma paa litaanza kusukuma kuta.

Upana nao usiusahau. Lifti ya nguzo mbili huchukua karibu mita 3.4 kutoka ukingo hadi ukingo, na wewe unahitaji kupita kila upande ukiwa umebeba tairi. Chumba cha mita 4.2 kinatosha kwa kubana. Kwa urefu, Hilux ya milango minne inafika mita 5.3, na mbele unataka angalau mita moja ya kusimama. Kuna viwanja ambavyo hesabu hii inavikataa papo hapo, na ni heri ulijue hilo leo.

Hatua ya 3: Sakafu

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Lifti ya nguzo mbili haina miguu inayotanuka. Kila nguzo imesimama kwenye bamba dogo la chuma lililofungwa sakafuni kwa boliti, na gari linaning'inia kwenye mikono iliyotokeza ndani. Uzito hausukumi chini tu. Unaivuta nguzo iangukie katikati, na gari likizidi uzito mbele au nyuma unaivuta upande huo pia. Kinachozuia nguzo isilale ni boliti tano au sita na zege lililozishika. Zege likimeguka, hakuna kufuli ya usalama (chuma kinachozuia mikono isishuke yenyewe) itakayokusaidia.

Watengenezaji wengi hutaka zege lisilopungua milimita 100 hadi 150, lenye nguvu ya kuanzia megapaskali 20, lisilo na nyufa. Kipimo cha mwisho ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha lifti yako. Sakafu ya kawaida ya nyumba mara nyingi ni zege jepesi la inchi tatu juu ya mawe, halina nondo, na limefunikwa kwa plasta laini inayoficha kila kitu. Linabeba gari lililoegeshwa bila shida, lakini nguzo ya lifti ni habari nyingine.

Kujua unene wa sakafu yako ni rahisi. Toboa tundu moja kwa drili ya zege pale nguzo itakaposimama, ingiza waya uliokunjwa ncha, uvute hadi ncha ikwame chini ya zege, weka alama, kisha pima. Rudia pale itakaposimama nguzo ya pili, kwa sababu mafundi wa sakafu hawamwagi unene mmoja kila mahali. Angalia pia unga unaotoka: ukiwa wa mchanga mtupu na drili ikazama kama kwenye udongo, usiendelee na sakafu hiyo.

Ikishindwa kipimo, kata mraba wa sakafu na umwage msingi mpya. Mimi napendelea msingi mmoja unaounganisha nguzo zote mbili kuliko vipande viwili vilivyotengana, kwa sababu kipande kimoja hakiwezi kuzama upande na kukuachia nguzo moja imeinama. Msingi wa mita 4 kwa 1.5 kwa kina cha sentimita 25 ni mita za ujazo 1.5. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 1.5 na kokoto 3, andaa mifuko 12 hivi ya kilo 50. Saruji inatengenezwa hapa hapa Pongwe, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua mifuko iliyokaa stoo hadi ikaganda.

Shindilia udongo na mawe ya chini vizuri, tandika nailoni ili unyevu usipande, kisha suka nondo za milimita 12, tabaka la chini na la juu. Mwambie fundi asizipange nondo mahali boliti zitakapotobolewa; mchoro wa bamba unakuja na lifti, na muuzaji anaweza kukutumia kabla ya mzigo kufika. Mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi inaila nondo ndani kwa ndani bila wewe kuona chochote kwa nje. Maji yasizidi, zege linalotiririka kama uji linamwagika kirahisi lakini likikauka ni dhaifu.

Likishamwagwa, lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa na ulimwagilie kwa siku 7 angalau. Halafu subiri. Zege linahitaji siku 28 kabla ya kutoboa na kukaza boliti. Fundi atakuambia wiki mbili zinatosha kwa jua la Tanga. Jua kali linakausha uso tu. Siku 28 ni siku 28.

Boliti zikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye ufa, kiungo au ukingo wa zege. Usikubali nguzo isimame juu ya kiungo cha msingi mpya na sakafu ya zamani.

Hatua ya 4: Sasa chagua aina

Ukiwa na vipimo vya paa na sakafu mkononi, uchaguzi unakuwa mfupi.

Nguzo mbili ndiyo lifti ya fundi. Matairi yananing'inia huru, chini ya gari kote kuko wazi, na gia boksi inashuka bila kikwazo. Zipo za aina mbili. Za kwanza zina boriti ya juu inayopitisha kebo na mipira ya haidroli (mafuta ya shinikizo yanayonyanyua lifti). Sakafu inabaki wazi lakini nguzo zinafika mita 3.6 au zaidi. Za pili zinapitisha kebo chini, zimefunikwa kwa bamba unalolikanyaga. Nguzo zake ni kama mita 2.8 hadi 2.9. Kwenye banda fupi la magari madogo, hizi za pili ndizo jibu. Kama gari lako ni refu na unapenda kufungua milango bila kugonga nguzo, tafuta zile ambazo nguzo zimegeuzwa kidogo na mikono ya mbele ni mifupi kuliko ya nyuma.

Nguzo nne ni kama daraja: gari linapanda na kusimama kwa matairi yake kwenye njia mbili. Uzito unashuka karibu wima, kwa hiyo sakafu haiteswi sana, na ni ngumu kukosea namna ya kupakia. Kwa mtu anayetaka kuegesha gari moja juu na lingine chini, hii ndiyo yake. Udhaifu wake ni kwamba matairi hayako huru. Kwa breki na shokapu itabidi ununue jeki ya ziada inayokaa kati ya njia mbili. Inachukua pia nafasi kubwa ambayo haihamishiki.

Lifti ya mkasi ya kimo cha kati hunyanyua gari hadi mita 1 au 1.2 hivi. Paa la mita 3 halina tatizo nayo. Kwa breki, matairi na bodi ni nzuri sana, ila vyuma vyake vimejaa katikati ya gari, kwa hiyo gia boksi na eksozi utavifikia kwa shida. Zipo pia fremu mbili za kubebeka zinazowekwa kila upande na kunyanyua kwa nusu mita tu; zinatundikwa ukutani kazi ikiisha. Kwa nyumba nyingi za Ngamiani na Chumbageni ambazo uani ni pa watu wote, ningeanza na hizo.

Kuhusu shimo la kuingia chini ya gari, ambalo ni rahisi na limezoeleka: maeneo ya karibu na bahari kama Raskazone na Sahare maji ya chini yapo juu, na masika yakianza shimo hugeuka kisima. Kibaya zaidi, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kujaa shimoni, na cheche ya taa au grainda inatosha kuuwasha. Kama tayari unalo, usifungue tangi wala mipira ya mafuta gari likiwa juu yake, usiache injini ikiunguruma, na lifunike kwa mbao kila siku. Kama hunalo, usichimbe. Jukwaa la zege au chuma la kupandishia gari, kama yale ya gereji nyingi za barabarani, ni salama kuliko shimo maadamu limejengwa na mwenye kujua kazi.

Hatua ya 5: Uzito, na mahali uzito ulipo

IST ina takriban tani moja. Noah iko karibu tani 1.5 na zaidi kidogo, Hilux na Hiace huzunguka tani 2, Prado huvuka tani 2. Kwa hiyo lifti ya tani 4 inaonekana imezidi, lakini mimi ndiyo ninayoishauri. Uwezo unaoandikwa hugawanywa kwa mikono minne: lifti ya tani 4 inatoa tani moja kwa kila mkono. Gari halilalii mikono yote sawasawa. Mbele kwenye injini ndiko kuzito, hasa kwa magari yanayovuta kwa matairi ya mbele.

Uzito pia huhama wakati wa kazi. Ukishusha injini na gia boksi ya mbele, gari linabaki zito nyuma na linaweza kupinduka kutoka kwenye mikono. Kabla ya kazi hiyo weka stendi ndefu chini ya nyuma ya gari. Hilux yenye magunia ya mahindi ipakuliwe kwanza, hata kama mwenyewe ana haraka.

Magari yenye chesesi, kama Prado na Hilux, hushikwa kwenye chesesi. IST na Noah hushikwa kwenye kingo zilizoimarishwa chini ya milango, pale kitabu cha gari kinapoonyesha. Zigonge kingo hizo kwa mpini wa bisibisi kabla ya kunyanyua. Magari yetu ya pwani huoza hapo hapo, na kingo iliyooza inakunjika juu ya pedi ya mkono wa lifti gari likiwa hewani.

Hatua ya 6: Umeme

Mota ya kawaida ya lifti ya nyumbani ni kilowati 2.2, volti 230, fezi moja. Ikiwa kazini inavuta ampea 14 hivi, na wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa zaidi kwa muda mfupi. Ipatie waya wake kutoka kwenye meni swichi, wa milimita za mraba 4, au 6 kama umbali ni mrefu, na breka yake yenyewe. Usiichomeke kwenye soketi ya friji. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na arthi ipimwe.

Soma kibati cha mota. Umeme wetu ni hezi 50. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ya Marekani itazunguka polepole zaidi kwetu na kupata joto kupita kiasi. Muuzaji akikuambia "itafanya kazi tu", mwombe maandishi.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii hadi linawakuta. Gari likiwa limekalia kufuli, kulishusha kunahitaji kwanza lipande kidogo ili kufuli zifunguke. Umeme wa TANESCO ukikatika, gari linabaki juu. Kwa gari la familia ni usumbufu. Kwa gari la mteja anayesafiri alfajiri kwenda Muheza ni hasara. Uliza kama lifti ina pampu ya mkono, au jipange na jenereta ya kVA 6 na kuendelea.

Hatua ya 7: Kununua

Omba cheti cha majaribio kinachotaja modeli ile ile unayonunua. Kwa lifti zinazofuata utaratibu wa Ulaya, kiwango kinachohusika ni EN 1493. Za Marekani hubeba lebo ya ALI, taasisi ya lifti za magari ya huko. Herufi za CE (alama ya kukidhi masharti ya Ulaya) zilizobandikwa peke yake bila karatasi zisikutulize. Kama unaagiza mwenyewe, malizana na masharti ya TBS na ushuru wa TRA kabla meli haijaondoka, na uliza kama mzigo unaweza kushushwa Bandari ya Tanga badala ya kusafirishwa kilomita 350 kutoka Dar es Salaam. Mzigo wa nguzo mbili una uzito wa kilo 600 au zaidi, kwa hiyo panga foklifti au kreni ya kushushia.

Lifti iliyotumika nunua tu ukiiona ikifanya kazi na gari juu. Tazama kebo urefu wote, hasa zinapozunguka puli; sikiliza kufuli za nguzo zote mbili zikigonga pamoja; angalia chini ya bamba la nguzo, kwa sababu kutu ya Tanga huanzia pale maji ya kuosha gari yanapotuama. Nguzo iliyochomelewa upya usiichukue kwa bei yoyote.

Kama utaajiri hata msaidizi mmoja, hapo ni mahali pa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakuhusu. OSHA, wakala wa serikali unaosimamia sheria hiyo, wana ofisi zao, wafuate wewe. Banda jipya lina kibali chake cha Halmashauri ya Jiji.

Hatua ya 8: Kufunga na kujaribu

Simamisha nguzo kwa timazi, pande zote mbili. Sakafu ikiwa na mteremko mdogo, tumia vibati vya chuma vilivyokuja na lifti. Mbao na vipande vya tairi havifai. Safisha vumbi ndani ya kila tundu kabla ya kuingiza boliti, kwa sababu vumbi hufanya boliti iteleze. Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu. Boliti ikizunguka bila kufika kipimo hicho, zege halijaishika: simama, usiongeze nguvu.

Jaribio la kwanza lifanywe na gari jepesi. Nyanyua sentimita 30, tikisa bampa kwa nguvu, kagua pedi zote nne. Pandisha hadi juu, kisha shusha hadi gari likalie kufuli pande zote. Hapo tu ndipo mtu anaingia chini. Haidroli ni ya kunyanyulia. Kinachobeba gari wakati unafanya kazi ni kufuli. Pima tena boliti zote baada ya jaribio, na tena baada ya mwezi mmoja.

Nyumbani kuna watoto. Swichi ya lifti iwe na kufuli ya ufunguo, na ufunguo usikae ukutani.

Matunzo ya pwani

Kitabu kikisema paka grisi kila miezi sita, hapa paka kila miezi mitatu. Futa kebo kwa kitambaa chenye oili, na kitambaa kikinasa uzi uliochomoza, lifti isimame siku hiyo hiyo. Badilisha kebo zote mbili kwa pamoja. Moja mpya na moja ya zamani hutanuka tofauti, na mkono mmoja utaanza kubaki nyuma ya mwenzake. Gari lililotoka ufukweni lioshwe chini kwa maji baridi kabla halijaingia bandani, ili chumvi yake isidondokee kwenye bamba la nguzo na boliti.